Mwaka wa Bledi Mbili

Habari ya kufariki kwa Bi Tausi ilinikuta jikoni kwangu Kasulu, asubuhi, nikikaanga mayai, na mpaka leo sijui yale mayai yaliishia wapi. Aliyenipigia simu ni Kashindi, niliyefanya naye kazi ujanani. "Dada Edina, Mama ametutoka," alisema, na nyuma yake nikasikia wanawake wakilia na mtu akiuliza maturubai yatatoka wapi. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshafika Ujiji, nimeketi kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine katika sebule niliyowahi kuifagia kila siku, nikiwasikiliza wakimtaja marehemu. Walitaja pilau yake. Walitaja ulimi wake, maana Bi Tausi aliweza kugombana na muuza samaki wa migebuka mpaka muuzaji akasahau alichokuwa anatetea. Walitaja jinsi alivyowalea watoto wa dada zake. Hakuna aliyetaja makoo. Mwanamke huyu alitumia maisha yake kuwalaza watu usingizi kabla hawajapasuliwa na kuwaamsha baadaye. Baadhi ya waliokuwa wakilia pale walikuwa wamepita mikononi mwake, lakini kwao alikuwa jirani aliyepika vizuri. Sikuwalaumu. Anayelazwa hapati nafasi ya kumtazama anayemlaza, na akiamka anamshukuru daktari aliyeshika kisu. Nilikaa pale na huzuni yangu, na chini ya huzuni ule udadisi wangu wa siku zote, nikijiuliza ni nani mwingine mle ndani aliyeujua mwaka ule.

Nilikozaliwa na walionisomesha nawaacha kando. Mwaka wenyewe unaanzia kwenye chumba. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya nusukaputi, nimepangiwa hospitali moja ya Kigoma mjini, nimefika na begi langu na godoro lililofungwa kamba, na sijui mtu. Bi Tausi alinikuta nimekalia lile godoro nje ya ofisi. "Unalala wapi?" aliuliza. Nikamwambia bado natafuta. "Hutafuti tena. Inuka." Ndivyo nilivyopata chumba cha uani nyumbani kwake, chenye dirisha lililotazama jiko la kuni, ukuta usiofika kwenye bati, na harufu ya mawese iliyoingia mpaka kwenye sare zangu. Asubuhi tulikunywa kahawa na mihogo ya kuchemsha. Jioni tulikula ugali wa muhogo na mgebuka, na katika milo yote hiyo Bi Tausi alizungumzia makoo. "Leo nimekutana na koo moja," angesema, utadhani amekutana na mtu sokoni, "fupi, nene, halafu limejificha huko nyuma lina aibu!" Mumewe, Mzee Idi, alikuwa ameshazoea, akiendelea kuchambua miba. Mimi tonge lilibaki hewani. Nilikuwa nimetoka chuoni nikiamini kwamba kazi yetu ni ya kukariri na kutofanya makosa. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu mzima anaweza kuipenda kwa sababu tu inamshangaza. Nadhani ugonjwa huo niliambukizwa pale mezani, na sijapona.

Miezi michache baadaye hospitali ililetewa kifaa kipya. Vile vya kutazamia koo tulivyovizoea vilikuwa na mpini, taa ndogo na bledi ya chuma. Unamlaza mgonjwa, unauinua ulimi wake kwa bledi, unainama na kuchungulia kwa jicho lako, na ukiziona nyuzi za sauti unapitisha katikati yake mpira wa kupumulia. Hiki kipya kilikuwa na kamera karibu na ncha ya bledi na skrini ndogo pembeni, kwa hiyo huna haja ya kuinama. Koo linakuja lenyewe kwenye picha. Kilikuja na bledi mbili. Moja ilikuwa na mpindo mdogo kama ile ya zamani. Nyingine ilipinda kiasi kwamba nilidhani imeharibika safarini. Kashindi, ambaye babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo na ambaye ndugu zake wote walikuwa wavuvi, aliishika hiyo iliyopinda akaigeuzageuza na kucheka. "Eh, Mama! Hii ni ndoana kabisa!" Bi Tausi akaichukua ile nyingine, akaipima uzito kiganjani. "Basi hii ni kijiko. Na mimi nitakula kwa kijiko, wewe nenda kavue." Majina yakabaki hayo. Hata daktari bingwa alipokuja baadaye, alilazimika kujifunza ndoana ni ipi na kijiko ni kipi.

Mabishano yao yangekuwa mchezo tu kama si michikichi. Pande za Simbo na vijiji vya jirani watu hupanda michikichi kukata mikungu ya kukamulia mawese, na wapo wanaoanguka. Anayeanguka kwa miguu anavunjika mguu. Anayeanguka vibaya anavunjika shingo. Sasa, kwa mgonjwa wa kawaida, ili uone koo unamlaza kichwa nyuma na kumwinua kidevu, kama mtu anayenusa wanachopika majirani. Mwenye shingo iliyovunjika humfanyii hivyo. Mfupa ukisogea kidogo tu unaweza kuubana uti wa mgongo, na mtu aliyeingia chumba cha upasuaji akisogeza mikono yake akatoka haisogezi tena. Wagonjwa wa aina hiyo tulizoea kuwasafirisha mbali, na ile barabara ya wakati ule iliwafanyia wengine ubaya kuliko mchikichi wenyewe. Mwaka huo daktari bingwa wa shingo na mgongo alikubali kuja mara kwa mara kuwapasulia palepale Kigoma. Kwa hiyo swali likawa letu sisi watatu wa nusukaputi: ni bledi ipi itatufikisha bila kuisogeza shingo?

Tulilitafutia jibu stoo. Kulikuwa na kichwa cha mpira cha kujifunzia, chenye shingo na mapafu mawili ya plastiki, kilichowekwa juu ya meza kati ya makatoni ya glavu na mashine iliyokufa zamani. Tulikivika kola ya shingo, tukaifungua upande wa mbele kama tunavyofanya kwa mgonjwa, kisha mmoja anasimama ubavuni na kukishika kichwa kwa viganja viwili kisisogee, na mwingine anaingiza bledi. Tulipokezana. Kashindi alileta chakula kutoka kwake, sombe, ndivyo kwao walivyoita kisamvu, iliyopikwa kwa mawese mpaka imekuwa nyeusi, tukala palepale tumekizunguka kile kichwa, nacho kimeachama. Nilichogundua mapema ni kwamba skrini husema jambo moja na viganja husema jingine. Kijiko kilipita upesi, na mpira ukakifuata bila shida, lakini ili kione lazima kiinuliwe kidogo, na kila kilipoinuliwa nilisikia kichwa kikitaka kuja nacho. Ndoana haikuvuta kitu. Ilijikunja yenyewe nyuma ya ulimi na picha ikajaa skrini nzima, nzuri, nyuzi za sauti nyeupe kabisa. Kisha Kashindi anasukuma mpira, na mpira unagonga ukuta wa mbele. Anasukuma tena, unagonga tena. Anaona kila kitu na hafiki popote.

"Unaona, Mama, unaona inavyoonyesha vizuri?" Kashindi alisema.

"Naona," Bi Tausi alijibu, akilamba vidole. "Mgonjwa wako naye atakufa akionekana vizuri."

Wiki kadhaa tulikaa na fumbo hilo. Tulikunja waya unaotiwa ndani ya mpira ufuate mpindo wa ndoana, ikasaidia nusu. Aliyelipata lililobaki ni Bi Tausi mwenyewe, ambaye hata hakuitaka ile bledi. Alikuwa amemshikia Kashindi kichwa, akatazama skrini, akasema, "Rudi nyuma." Kashindi akasema akirudi hataona vizuri. "Ndiyo, usione vizuri. Umesimama mlangoni unashangaa uzuri wa chumba, sasa mgeni atapita wapi?" Kashindi akairudisha bledi kidogo. Picha ikaharibika, nyuzi za sauti zikabaki nusu juu ya skrini, na mpira ukapita. Tuliona yale mapafu ya plastiki yakijaa hewa, tukapiga kelele mpaka mtunza stoo akaja kuuliza nini kimeanguka. Nimefundisha wanafunzi wengi tangu hapo, na bado hawaniamini mpaka wajaribu wenyewe: ukitaka kupita, kubali kuona nusu. Hata hivyo Bi Tausi hakuhama. Kichwa cha mpira, alisema, hakina damu, hakina mate, na hakina mama yake anayesubiri nje.

Gervas alikuja na mama yake. Alikuwa mkwezi wa Simbo, kijana wa rika langu, mwenye mabega mapana. Mkungu aliokuwa akiukata ulimshinda, akaanguka nao. Mfupa mmoja wa shingo ulikuwa umeteleza juu ya mwenzake. Miguu ilikuwa dhaifu na mikono ilikufa ganzi, lakini ilikuwa inasogea. Alifumba ngumi, alifumbua, aliweza kushika kikombe. Daktari bingwa alikuwa hajafika, na kazi yetu ilikuwa kumtunza Gervas asipoteze kile alichobaki nacho. Tulimvika kola, tukamwekea mifuko ya mchanga kila upande, tukamweleza asiinue kichwa. Akaitikia, "Ego, dada." Halafu akaingia mzee mmoja kumwona mgonjwa wa kitanda cha jirani, na Gervas, aliyekuwa chali na shingo iliyovunjika, akajikaza, akanyanyua kichwa kutoka kitandani na kusema, "Shikamoo, Mzee." Nilipiga ukelele. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Kumsalimia mzee umelala chali kama gogo kwake kulikuwa jambo lisilowezekana, na katika wodi ile wazee waliingia na kutoka tangu mchana unaanza.

Tulimkanya, mama yake akamkanya, akaahidi, na alipoingia padri akainua tena. Haikuwa ubishi. Shingo yake ilikuwa imefundishwa tangu utotoni, ikainuka kabla mwenyewe hajafikiri. Bi Tausi alikaa pembeni ya kitanda akimtazama kwa ile hamu yake, kisha akaenda kusimama mlangoni. Tangu siku hiyo kila mzee aliyeingia alipewa amri: umwahi. Ukivuka kizingiti tu, useme "Marahaba" kwa sauti, kabla hajakusalimia. Basi wodi ya wanaume ikawa kichekesho. Wazee wenye bakora waliingia wakitangaza, "Marahaba, mwanangu, marahaba, tulia hivyohivyo!" kwa mtu ambaye hajafungua mdomo, na Gervas, akiwa ameshaitikiwa, hakuwa na deni la heshima tena, akabaki ametulia, akitabasamu na kutazama dari. Wengine walianza kuitikia salamu kwa vitanda vyote, kwa usalama. Nilicheka sana wiki ile. Lakini nilianza pia kuogopa, kwa sababu nilimwona yule kijana jinsi adabu ilivyokuwa karibu kumlemaza, na adabu yangu mimi ilikuwa ni ileile.

Siku moja kabla ya upasuaji, jioni, nilikuwa chumbani kwangu nikikunja nguo, na juu ya ukuta ule usiofika kwenye bati nikamsikia Bi Tausi akizungumza na mumewe uani. Mzee Idi alimuuliza kwa nini hajagusa chakula. "Yule kijana ana mikono bado," alisema. "Nimezoea watu waliokwisha kuumia, nawalaza, nawaamsha, basi. Huyu anacho cha kupoteza, na anaweza kukipotezea mkononi kwangu. Mikono ile ikilala baada ya mimi kumgusa, nitaiona kila nikinawa." Mzee Idi akauliza, si kuna kile kifaa chenu cha picha? "Kipo. Kijiko nakijua, mkono wangu unakijua. Ndoana naijua kwenye kichwa cha mpira tu. Nitaanza na ninachokijua." Nikasikia akimimina kahawa. Kisha akasema jambo lililonifanya niketi juu ya zile nguo. "Edina ndiye atakayeshika kichwa. Ana viganja vizuri kuliko sisi sote. Ila kichwa kikinifuata, unadhani atasema? Mbele ya daktari bingwa, anikosoe mimi ninayempa chakula? Ana adabu mno yule binti. Hiyo adabu yake ndiyo inanitisha."

Nilimkasirikia. Nilijua anasema kweli, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Asubuhi tulikunywa kahawa, na sikumwambia kwamba nilisikia.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi, na dirisha lake la juu lilionyesha kipande cha ziwa. Gervas alilazwa mezani akiwa macho, na daktari bingwa, mtu mwenye mvi nyingi, alipoingia alitangaza "Marahaba!" kutoka mlangoni, maana alikuwa ameshapewa amri. Tuliangalia mikono ya mgonjwa mara ya mwisho: fumba, fumbua. Bi Tausi akamdunga dawa, akalala. Kashindi akaifungua kola upande wa mbele. Nikasimama ubavuni, nikaingiza viganja vyangu pande mbili za kichwa, vidole nyuma ya masikio, na tangu hapo sikuiona skrini. Nilijua nikiitazama nitaanza kuamini picha, kwa hiyo nikafumba macho. Bi Tausi akaomba kijiko. Nikasikia bledi ikiingia, ikitafuta njia kwa upole ule wake, na kisha, alipoanza kuinua, kichwa cha Gervas kikawa chepesi mikononi mwangu. Hakikwenda popote bado. Kilitaka tu kwenda. Nilifikiri daktari bingwa anasikia, nikafikiri kile chumba cha uani, nikafikiri labda nimekosea, na muda wote huo kichwa kinazidi kuwa chepesi.

"Bi Tausi," nikasema. "Kinakufuata."

Bledi ikasimama palepale. Sikufumbua macho. Nilimsikia akiitoa, akimfunika Gervas barakoa na kumpa hewa, bila haraka. "Kashindi," alisema, "nipe ndoana." Na Kashindi, ambaye muda wote ule alisubiri kusikia maneno hayo, alimpa, akauweka na mpira wenye waya uliokunjwa tayari. Safari hii nilisubiri uzito ubadilike na haukubadilika. Nikausikia mpira ukigonga ukuta wa mbele, mtikisiko mdogo tu uliofika kwenye vidole vyangu, ukigonga tena. Kisha Bi Tausi akasema polepole, akijiambia mwenyewe, "Toka mlangoni, Tausi." Mikononi mwangu hapakutokea kitu. Nilipofumbua macho mpira ulikuwa umeingia, kifua kinapanda, na Bi Tausi ameegemea ukuta akijifuta uso kwa mkono wa gauni.

Upasuaji ulichukua sehemu kubwa ya mchana, nasi tulikaa na mashine zetu tukijua kwamba jibu letu lilikuwa limelala chini ya shuka na haliwezi kusomwa mpaka aamke. Daktari bingwa alipomaliza tukapunguza dawa, tukasubiri. Yeyote anayefanya kazi hii anajua kero ya mgonjwa anayezinduka: mpira unamkera kooni, anataka kuung'oa, nasi tunamshika mikono na kumgombeza. Gervas alikunja uso. Akakohoa. Na mikono yake miwili ikapanda kutoka kwenye shuka, ikapita kifuani, ikafika mdomoni, ikaushika ule mpira kwa nguvu na kuuvuta. Hakuna aliyemzuia. "Anauvuta!" Bi Tausi alipiga kelele, akinigeukia, machozi yakimtiririka. "Edina, anauvuta, mtazame, anauvuta!" Ilibidi daktari bingwa atukumbushe kazi yetu.

Nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa bledi kweli. Labda kijiko kingepita salama. Labda ule wepesi niliousikia usingemdhuru, na tungesimulia hadithi nyingine. Shingo moja haithibitishi kitu, na Bi Tausi mwenyewe aliendelea kukitumia kijiko kwa wengine na kunibishia mezani. Alichobadilisha ni kimoja tu. Tangu siku ile, kabla ya kuingiza bledi yoyote kwa mgonjwa yeyote, alimuuliza aliyeshika kichwa, hata awe mwanafunzi wa jana, "Unasikia nini?" na hakuendelea mpaka ajibiwe.

Alasiri ya siku ile ya msiba walimtoa Bi Tausi. Sisi wanawake tulibaki uani, tumejazana penye mlango kutazama jeneza likipita, na wanaume wakigombea kulishika, kila mmoja akitaka walau hatua chache, wakipokezana bega kwa bega kama ilivyo kawaida yetu. Kashindi alikuwa mbele. Nyuma yake mtu mmoja mnene, mwenye mvi kidogo, kovu shingoni, alijipenyeza kwa mabavu mpaka akapata nafasi. Si Mwislamu na hakuujua utaratibu, kofia aliyovaa ilikuwa ya kuazima. Nilimjua kwa mabega. Nilitaka kupiga kelele kwamba huyo alikatazwa kubeba mzigo, atolewe, ana vyuma shingoni. Nikafungua mdomo kabisa. Kisha nikaitazama mikono yake, vidole vyote kumi vimeushika mti wa jeneza, vimegeuka vyeupe kwa kukaza, na nikamwacha ampeleke.